Gesi Haiishi, Inavuja: Siku Biharusi Alivyoroa Jasho Garini Mwangu

Leo siji na mshono mpya. Nakuja na habari ya gari, na aibu iliyonipata.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni kushona magauni ya maharusi. Miaka miwili sasa nimeongeza na huduma ya kumchukua biharusi kwa mpambaji mpaka ukumbini, kwa Noah langu la 2003. Kwenye tangazo niliandika mwenyewe: "Gari lina AC." Kuwa nayo linayo, ila ilikuwa dhaifu. Nikienda kwa fundi ananambia, "Gesi imeisha." Anajaza, nalipa, napata baridi wiki chache, joto linarudi. Nilijaza mara tatu ndani ya miezi minne.

Shaaban iliyopita, harusi kila mtaa na joto la kaskazi halina huruma, nikambeba biharusi kutoka Kiembesamaki. Gari likitembea kulikuwa na ubaridi kidogo. Tulipokwama kwenye foleni Michenzani, ikaanza kupuliza hewa ya moto. Tukafungua madirisha, vumbi, tukafunga, tanuri. Wanja ukamwagika, na gauni la satini nililolishona wiki mbili likapiga alama kwapani. Biharusi hakusema kitu. Mama yake ndiye aliyeniambia taratibu: "Mwanangu, si ulituambia gari lina AC?"

Bora angenitukana. Nilichukua pesa za watu kwa kitu nilichojua kina ila. Kesho yake nikawarejeshea pesa za gari na kuwataka radhi. Walinisamehe, Allah awalipe kheri.

Nikatafuta fundi mwengine, mtu mzima. Hakugusa gesi. Aliniuliza kwanza: "Bibie, likitembea linapoza? Likisimama je?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikakaa pembeni, nikajifunza haya:

1. Gesi ya AC haitumiki kama petroli. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ukiambiwa imepungua, uliza imepitia wapi. Kwangu alikuta alama ya mafuta kwenye kiungo cha bomba. Mpira wa ndani umekauka. Akaubadilisha, akanyonya hewa na unyevu kwa mashine, ndipo akajaza gesi kwa kipimo. Ikizidi nayo haipozi vizuri.

2. Ikipoza ukitembea na kuacha ukisimama, tazama feni. Mbele ya rejeta kuna kondensa, kama wavu, inayotoa joto nje. Gari likienda, upepo wa njia unasaidia. Likisimama, feni ndiyo tegemeo. Yangu ilikuwa imekufa, na kondensa imejaa vumbi na chumvi ya pwani. Feni ikabadilishwa, kondensa ikaoshwa kwa maji ya taratibu, maana vibati vyake vyembamba hupinda upesi.

3. Upepo ukitoka mdogo hata ukiweka feni ya ndani namba ya mwisho, tazama filta. Kwenye gari nyingi iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Yangu ilitolewa imeganda nyuzi na vumbi la vitambaa! Hapo sikuwa na fundi wa kumlaumu. Gari langu ndilo linalobeba majora yangu, na sikuwahi kuifungua hata siku moja.

Alhamdulillah, sasa linapoza. Lakini siamini tena kwa maneno. Siku moja kabla ya kila harusi, saa saba mchana, naliweka gari nje juani, nawasha, nakaa ndani dakika kumi bila kutembea. Na siku yenyewe, kabla biharusi hajapanda, nafungua milango yote hewa ya moto itoke. Tukishapoa kidogo nabonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ile ya nje isiingie.

Na wewe biharusi mtarajiwa, unapokodi gari usiulize tu, "Lina AC?" Kila mmoja atakwambia linayo. Muombe aliwashe likiwa limesimama, kaa ndani wewe mwenyewe, usikie.

Na sisi wenye biashara, mteja akilipa amekupa amana. Ila ya gari umwambie kabla hajapanda. Tangazo langu nililifuta siku ile ile ya foleni. Nimelirudisha juzi, baada ya harusi nne bila jasho.