Dirisha la Mhabeshi Mjini Ahmedabad

Wengi waendao Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, India, hutosheka na masoko. Sisi tuliuendea msikiti aliojenga Sidi Saiyyed, Mhabeshi, mwaka 1573. Dirisha lake ni jiwe lililonakshiwa mti, matawi yamesokotana, na nuru hupenya baina yake.

Mbali na mji, karibu na msitu wa Gir wenye simba, kipo kijiji cha Jambur. Wakaao humo ni Masidi, Waislamu wenye asili ya Afrika. Lugha yao ni Kigujarati, lakini ngoma yao huiita goma.

Enyi wazazi, watoto wakiambiwa kuwa Mwafrika alivuka bahari kwa utumwa tu, waonyesheni picha ya dirisha hilo.