Uchovu wangu na vidonge vya sokoni

Wasikilizaji wapendwa wa Lubumbashi, na ninyi ndugu mliokimbia vita mkafika kwetu, leo sileti habari za mikutano wala bei ya unga. Nataka kuwaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2012 tulitoka Mitwaba kwa miguu. Wakati ule eneo la Mitwaba, Pweto na Manono liliitwa pembetatu ya kifo. Shemeji alitupokea katika lupango lake hapa mjini, watu tisa chumba kimoja. Tukasema tumepona. Kumbe tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga wakaingia Lubumbashi, na milio ya risasi tuliyoikimbia tukaisikia tena.

Tangu siku ile nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikisonga bukari, mikono inatetemeka. Mlango ukigongwa, moyo unaenda mbio. Muuza dawa mmoja sokoni akaniambia: "Yaya, tezi zako zimechoka. Kunywa hivi, utapata nguvu na mwili." Vilikuwa vidonge vya deksametasoni. Hakuniuliza karatasi ya daktari.

Sitawadanganya, nguvu nilizipata. Nilikula sana, mashavu yakajaa, majirani wakanisifu. Nikanywa miezi mitano. Siku franka zilipokwisha, nikaacha. Wiki haikuisha: nikawa natapika, nikisimama naona giza, mwisho nikaanguka kisimani.

Muuguzi alipima presha, akakuta iko chini sana. Akauliza: "Mama, umekuwa ukinywa dawa gani?" Nilinyamaza kwa haya. Shemeji ndiye aliyetoa paketi mfukoni, na paketi ile iliniokoa, kwa maana walijua mara moja sindano gani ya kunipa.

Baadaye daktari alinieleza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Inatoa adrenalini, inayotusaidia kukimbia hatari, na kotisoli, inayoshikilia presha na sukari ya damu na kutupa uwezo wa kustahimili ugonjwa. Deksametasoni inafanya kazi kama kotisoli. Ukiinywa muda mrefu, tezi zinaacha kutengeneza kotisoli yake. Ukikata ghafla, huna ya dawa wala ya mwili, na unaweza kufa. Hata krimu kali za kujichubua, zile zenye klobetasoli, zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu zinaweza kuleta hatari hiyo.

Nikamuuliza: "Na ule uchovu wa kwanza?" Akasema madaktari wa tezi hawatambui ugonjwa wa tezi kuchoka kwa sababu ya mawazo. Upo ugonjwa wa kweli wa tezi hizo kuharibika, ulioelezwa na Thomas Addison wa London mwaka 1855, na kifua kikuu kinaweza kuuleta. Huo unapimwa kwa damu. Lakini uchovu una milango mingi: malaria, kifua kikuu, sukari, virusi vya Ukimwi, upungufu wa damu, pia hofu na huzuni. Vipimo vyangu vilionyesha upungufu wa damu. Usingizi nao haukuwepo tangu Mitwaba.

Kupona kulichukua miezi mingi. Daktari alinipunguzia dawa kidogo kidogo, akanipa na vidonge vya chuma. Jioni nilikaa na mama wengine tuliotoka nao. Siku moja mmoja akataja jina la mtoto wake aliyebaki njiani. Nami nikataja la mdogo wangu, ambalo sikuwahi kulitamka tangu tufike. Tulilia sana. Tangu hapo usingizi ulianza kurudi, usiku mmoja mmoja. Kusema hakukuniongezea damu, na vidonge vya chuma havikuondoa ndoto mbaya. Nilihitaji vyote viwili.

Ndugu mliofika juzi na mnaamka mmechoka: uchovu wenu ni wa kweli, msikubali mtu aseme ni uvivu. Nendeni mpimwe. Na kama umeshakunywa vidonge vile kwa wiki nyingi, usiviache peke yako leo. Chukua paketi, nenda kituo cha afya, iweke mezani kabla hujaulizwa. Mimi haya ilikaribia kuniua.