Swali la Baba Mdogo

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, na kwetu Mwanza ziwa lilikuwa limegeuka shamba. Unasimama mwaloni asubuhi, unaona kijani tupu, na juu yake maua ya zambarau, mazuri kweli. Mama alitukataza kwenda kuyachuma kwa kuwaogopa nyoka. Baba mdogo alikuwa na mtumbwi mmoja na nyavu za kukopa. Siku moja upepo uligeuka, magugu maji yakamfungia nje tangu alasiri hadi kesho yake. Alirudi amekata njia kwa panga, samaki wameoza, nyavu hazikuonekana tena. Deni lile alililipa kwa miaka mitatu.

Kipindi hicho ndipo tulipopata habari za mdudu. Wataalamu walipita mwaloni wakieleza kuwa yupo mdudu mdogo, mfano wa fukusi wa mahindi, anayefugwa na kuachiwa ziwani ale magugu. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na akishayamaliza, atakula nini? Mihogo yetu?"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anatania. "Sangara naye aliletwa na wataalamu. Furu wetu wako wapi?"

Hakujibiwa. Mkutano ukaisha, tukarudi nyumbani.

Chuoni nilisoma fasihi, si mimea. Lakini swali lile lilinikaa, na miaka mingi baadaye nikajikuta nasoma habari za Chuo Kikuu cha Rhodes, kilichoko Makhanda, mji mdogo wa Afrika Kusini usio na ziwa lolote la kujivunia. Chuo hicho kina kituo kizima cha kupambana na mimea vamizi kwa kutumia wadudu. Wanawafuga kwa maelfu, na miongoni mwa wafugaji wamo watu wenye ulemavu wa viungo walioajiriwa kwa kazi hiyo. Nilikuwa nasoma, kumbe natafuta jibu la baba mdogo.

Jibu lenyewe ni hili. Gugu maji kwao ni Amerika Kusini. Watu walilibeba kwa sababu ya ua lake, wakawaacha nyuma wadudu wanaolila. Watafiti hurudi huko kuwatafuta. Kabla mdudu hajaachiwa, hufungiwa chumbani na kupewa mmea mmoja baada ya mwingine: kwanza ndugu wa gugu, halafu mazao ya watu. Akionekana anaweza kuishi kwa mazao, safari yake inaishia humo humo. Fukusi wa gugu maji alipita. Buu lake hutoboa bua la jani, kisha hujijengea kifuko kwenye mizizi hai ndani ya maji. Muhogo hauna cha kumpa. Huko Florida, Marekani, alianza kuachiwa mwaka 1972.

Sangara je? Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, huku baadhi ya wanasayansi wenyewe wakipinga. Yaani baba mdogo, bila kujua, alikuwa upande wao.

Nimeelewa pia kwa nini kazi hii inahitaji vyuo. Karibu nusu ya Ziwa Victoria ni ya Tanzania. Nyingine ni ya Uganda na kipande ni cha Kenya, na Mto Kagera hushusha magugu kutoka Rwanda na Burundi. Gugu halipangi foleni Mutukula. Nchi moja ikisafisha, upepo unairudishia uchafu wa jirani. Mawaziri hubadilishwa na miradi huisha na magari yake, lakini chuo kinaweza kumfuga mdudu yule yule miaka ishirini, na kufundisha vijana wa nchi tano darasa moja.

Ila nisipake rangi. Magugu yalipungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, na bado wasomi wanabishana ni kiasi gani kilikuwa kazi ya wadudu na kiasi gani mvua na mawimbi ya El Niño. Baadaye yalirudi. Gugu hunenepa kwa mbolea inayotoka mashambani na maji machafu ya miji yetu, na hakuna mdudu wa kuyala hayo. Hilo nalo ni la wasomi kulisema, hata kama anayesikiliza ndiye anayetoa fedha za utafiti.

Mwaka jana nilimweleza baba mdogo yote haya. Siku hizi havui tena. Anashinda kibarazani akirekebisha nyavu za wengine. Alisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile.

"Sasa mwanangu, haya maneno mbona ni mafupi tu? Kwa nini hawakuniambia?"

Nikamwambia pengine walidhani anatania.