Tulimlaumu Mdogo Wetu

Sisi watatu tulikuwa tukijenga mfumo wa Linux kwa ajili ya Raspberry Pi, kwa zana za Yocto. Ni kazi ndefu: BitBake hupakua msimbo wa kila programu, huugeuza kuwa lugha ya mashine, kisha huunganisha vyote kuwa faili moja. Kompyuta yetu ilihitaji usiku kucha, na mafuta ya jenereta tuliyachangia wenyewe.

Asubuhi tulikuta ujenzi umeshindwa. Papo hapo tukamlaumu mdogo wetu, kwa kuwa ndiye aliyeigusa kompyuta mwisho. Hakujibu neno. Alifungua Toaster, ukurasa wa kuiongozea BitBake kwa njia ya kivinjari, unaohifadhi habari za kila ujenzi: kazi zilizotimia, iliyoshindwa, na ujumbe wa kosa lake. Iliyoshindwa ilitoka katika tabaka, yaani mkusanyo wa maelekezo ya programu, tuliloliongeza sisi wawili jioni bila kumwambia. (Wala hatukuwa tumelisoma.)

Kuliondoa kulikuwa kubofya tu. Ujenzi wa pili ulikwisha upesi, maana BitBake hairudii kazi iliyokwisha kutimia. Kumwomba msamaha kulituchukua hadi jioni.