Mto Nairobi: Kilichotuama Chini

Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ukateremka kuelekea mashariki kupitia Chiromo, Gikomba, Shauri Moyo na Dandora. Njiani unapokea mito miwili inayoukata mji kama wenyewe: Mathare upande wa kaskazini na Ngong upande wa kusini. Ukishatoka Njiru na Ruai unaingia kwenye Mto Athi, nao Athi ukipita Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwaga maji baharini kaskazini ya Malindi. Ni njia ndefu, na inafaa kuikumbuka tangu mwanzo, kwa sababu wanaoutia mto sumu si wale wanaokunywa maji yake.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, ikakuta uwanda wa majimaji. Kufikia miaka ya uhuru mji ulikuwa na watu kiasi cha laki tatu na nusu. Sensa ya 1969 ilihesabu zaidi kidogo ya nusu milioni, na ile ya 2019 ikapata milioni 4.4. Kizazi kilichokulia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni katika miaka ya 50 na 60 kinaukumbuka mto wa kuogelea, wa kufulia nguo na wa kuvulia visamaki. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 upande wa juu wa Mto Ngong, lilikuwa mahali pa mashua za tanga na matembezi ya Jumapili. Kumbukumbu hizo ni za kweli, ila umri umezipunguzia uchafu. Eneo la Viwandani lilipangwa na serikali ya kikoloni kando ya Mto Ngong tangu awali, na mitaa ya Waafrika ilijengewa vyoo vichache kuliko watu. Mto haukuwa safi kabisa wakati wowote wa maisha ya mji. Tofauti ni kwamba uchafu wa wakati huo mto uliuweza.

Kinyesi, maganda, damu ya machinjioni na masazo ya jikoni ni chakula cha bakteria. Bakteria hao huvitafuna, na kwa kufanya hivyo hutumia oksijeni iliyomo majini. Mto wenye mawe na maporomoko hujirudishia oksijeni hiyo, kwa hiyo maji yakipewa mwendo wa kutosha bila kuongezewa uchafu mwingine hupata nafuu yenyewe. Taka zikizidi, oksijeni huisha, samaki hukosa pumzi, na bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, hushika kazi wakitoa ile harufu ya mayai viza ambayo kila aliyepita Gikomba anaijua. Hali hiyo ni mbaya, lakini ina dawa. Ukizuia majitaka, mto hurudi.

Metali hazina dawa ya namna hiyo. Risasi, kadimiamu, kromiamu na zebaki haviozi wala haviliwi vikaisha. Vikiingia majini hujishikiza kwenye chembe za udongo, vikatua chini mahali ambapo maji hupunguza kasi, vikakaa. Ndiyo maana historia ya Mto Nairobi haisomeki vizuri juu ya maji. Inasomeka kwenye matope, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina asili yake.

Viwanda vya ngozi hutumia chumvi za kromiamu ili ngozi isioze, na sehemu ya chumvi hizo hubaki kwenye maji ya kuoshea. Kromiamu ina sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine huunguza ngozi na, inapovutwa pamoja na vumbi au mvuke wa viwandani, husababisha saratani ya mapafu. Utengenezaji na uyeyushaji wa betri huacha risasi. Upakaji vyuma utando wa kung'aa huacha kromiamu na nikeli. Rangi za majengo za zamani zilikuwa na risasi tele. Nje ya viwanda rasmi kuna mafundi wa jua kali. Kwenye karakana za Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, magari hufunguliwa injini hatua chache tu kutoka ukingoni mwa mto, na kwa miaka mingi oili chafu ilimwagwa chini, mvua ikaibeba. Mafundi hao ndio hulaumiwa kwanza kwa sababu wanaonekana. Viwanda vyenye kuta na mabomba ya chini ya ardhi vimekuwa na bahati zaidi, hasa vile vinavyongoja usiku au mvua kubwa kabla ya kufungulia maji yao.

Halafu kuna risasi iliyotoka angani. Petroli ya Kenya ilitiwa risasi kwa miongo kadhaa ili injini zisigonge, na moshi wa magari uliishusha barabarani kama vumbi. Kila masika, mitaro ya jiji iliisomba na kuipeleka mtoni. Petroli hiyo iliondolewa sokoni mwanzoni mwa 2006, wakati nchi karibu zote za Afrika kusini ya Sahara zilipofanya hivyo pamoja. Huu ni ushindi mkubwa ambao hausherehekewi inavyostahili, pengine kwa sababu haukumhitaji mtu yeyote kuvaa buti na kushika reki. Risasi iliyokwisha kutua, hata hivyo, haikuondoka pamoja na petroli.

Tabaka zito kuliko yote ni la Dandora. Jalala hilo lilifunguliwa mwaka wa 1975 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mto ukiwa jirani kabisa. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001 na malori yakaendelea kuja. Taka za nyumbani, za viwandani na za hospitali ziliingia pamoja. Betri, taa, vipimajoto na mabaki ya kompyuta vikalala juu ya maganda ya ndizi. Mvua inapopenya rundo kama hilo huchujuka ikawa maji meusi yenye tindikali, na tindikali huyeyusha metali na kuzishusha mtoni. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wa eneo hilo. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kipimo kilichotumiwa wakati huo kuwa mstari wa hatari. Tangu hapo mstari huo umeshushwa, maana madaktari hawajapata kiasi chochote cha risasi ambacho ubongo wa mtoto unaweza kukivumilia bila kudhurika. Shirika hilo lina makao yake makuu Gigiri, katika jiji lilo hilo, na limekuwa jirani wa mto huu tangu miaka ya 70.

Viumbe waliuhama mto kwa utaratibu ambao wataalamu wa maji huutumia kama kipimo. Wa kwanza kutoweka ni wadudu wachanga wanaojificha chini ya mawe kwenye maji ya kasi, wale wanaohitaji oksijeni nyingi. Bado wapo kwenye vijito vya juu, katikati ya mji huwakuti. Wakafuata samaki wadogo waliokuwa wakivuliwa na watoto. Kambare hukawia kuondoka, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu. Mwisho hubaki viluwiluwi vyekundu vya visubi na minyoo myembamba ya tope, ambao damu yao imeumbwa kushika oksijeni kidogo iliyopo. Angani wameongezeka wageni wengine, korongo wenye upara na mfuko shingoni, wanaokula jalalani na kulala juu ya miti ya barabara za jiji. Bwawa la Nairobi nalo lilipokea majitaka ya Kibera yenye naitrojeni na fosforasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 90 gugumaji lilikuwa limelifunika. Mbolea iliyolistawisha ni ile ile ambayo mkulima angeilipia dukani.

Kule chini, kwenye Athi, bado kuna viboko na mamba, na wavuvi wadogo wenye ndoana. Hapo ndipo metali huonyesha tabia yao mbaya zaidi. Zebaki iliyozama kwenye tope lisilo na oksijeni hubadilishwa na bakteria ikawa umbo linaloshikana na nyama. Mdudu hulichukua kidogo, samaki mdogo akala wadudu wengi, samaki mkubwa akala wadogo wengi, na kila hatua kiasi huongezeka. Maji yanaweza kupimwa yakaonekana hayana neno huku samaki aliyemo akiwa nalo. Ndege walao samaki na mamba, wanaoishi miaka mingi, ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa mnyororo huo, pamoja na binadamu anayekula samaki yule yule kila juma.

Njia kubwa ya sumu kumfikia mtu wa Nairobi, hata hivyo, haipitii kwa samaki. Inapitia shambani. Kwenye kingo za mto, kuanzia mabonde ya katikati ya jiji hadi Njiru na Ruai, watu hulima sukuma wiki, mchicha na nduma kwa maji ya mto au ya bomba la majitaka lililotobolewa makusudi. Wakulima hawa si wajinga: maji hayo yana mbolea, hayakauki wakati wa kiangazi, na soko liko karibu. Watafiti waliopima mboga hizo mara kwa mara wamekuta risasi na kadimiamu kupita viwango vya chakula. Mboga za majani huvuta metali kwa mizizi na pia hupokea vumbi la barabarani, hivyo kuosha husaidia nusu tu. Kadimiamu ikiingia mwilini hukaa kwenye figo kwa miongo. Risasi hujificha mifupani ikijifanya kalsiamu, na wakati wa ujauzito mifupa inapotoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi hutoka nayo.

Hakuna zahanati inayojaa kwa sababu ya hayo. Kipindupindu huja kwa siku moja, huua, na magazeti huandika. Risasi humpunguzia mtoto uwezo wa kusoma na kutulia darasani, kisha mwalimu husema mtoto ni mtundu. Shinikizo la damu na figo zilizochoka kwa mtu wa miaka 50 huandikiwa majina mengine kwenye faili. Kwa sababu hiyo uchafuzi wa kemikali umekosa msiba wake wa kitaifa, siku moja ambayo watu wangeweza kuitaja.

Tabaka la juu kabisa ni jipya, na lilikuja na jambo jema. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma, zikaokoa maisha ya watu wengi mno. Mwili hautumii dawa yote. Sehemu hutoka kwa mkojo. Watafiti waliochota maji ya Mto Nairobi wamekuta dawa hizo, pamoja na za maumivu na viuavijasumu, kwa viwango vilivyo juu ukilinganisha na mito mingi ya Ulaya. Mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai yalibuniwa kuua vijidudu na kupunguza uozo kwa jua na muda, hayakubuniwa kwa ajili ya dawa, na isitoshe sehemu kubwa ya majitaka ya mji haifiki huko. Kiuavijasumu kilichochujuka majini huwafunza bakteria kuishi nacho. Madhara ya mchanganyiko wa dawa hizi kwa samaki ndiyo kwanza yanaanza kuchunguzwa.

Sheria hazijakosekana. Sheria ya mazingira ya 1999 iliunda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kanuni za ubora wa maji za 2006 zikaweka vipimo vya kila metali inayoruhusiwa kutoka kiwandani, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwaka wa 2008 waziri wa mazingira John Michuki aliingia mtoni na vijana na matingatinga, na kwa muda maji yalionekana kung'aa; bustani yenye jina lake ipo hadi leo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mwaka wa 2024 ukaja mpango wa Climate WorX, vijana kwa maelfu wakiajiriwa kuzoa taka kingoni. Kazi hizo zina faida, na ujira wake umelisha nyumba nyingi. Lakini zote zimepimwa kwa macho. Mto ukitolewa chupa na matairi hupigwa picha, na picha haiwezi kuonyesha kadimiamu. Kinachoweza ni maabara, sampuli za kila mwezi kwenye mlango wa kila bomba, na matokeo kutangazwa wazi yakiwa na jina la mwenye bomba. Hilo limefanyika kwa nadra.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliliamsha lile lililokuwa limetuama. Maji ya Mathare yaliingia majumbani yakiacha tope jeusi sakafuni, na serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Tangu wakati huo matingatinga yamekuwa yakichimbua na kupanua mkondo. Tope likiachwa kingoni, mvua hulirudisha. Likipelekwa shambani kama udongo mzuri, hulishwa watu. Metali zilizolala bila hewa zikikutana na oksijeni huweza kuyeyuka upya.

Kazi nyingine inaendelea kule chini. Tangu 2018, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, linajengwa bwawa la kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 680, ili kuwapa maji ya kunywa watu wa Makueni, Kitui na Machakos na mji mpya wa Konza. Sehemu ya maji hayo itakuwa imepita Nairobi kwanza. Bwawa hutuliza maji, na maji yaliyotulia hudondosha udongo wake. Chini, pasipo oksijeni, hali huwa ile ile inayoibadilisha zebaki na kuiachia fosforasi ilishe magugu. Klorini itaua vijidudu vya kipindupindu. Metali na mabaki ya dawa vinahitaji mitambo mingine, ya gharama kubwa zaidi, isipokuwa vizuiwe kilomita nyingi juu, kwenye mabomba ya Eneo la Viwandani na chini ya rundo la Dandora.