Kabla Hujamaliza Deni la Mashine

Bruxelles

Yaya wangu kule Kikula, Congo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili hapa dukani, mashine yako ya kusaga ikinguruma nyuma ya maneno. Unataka nikutumie dola 2,000 ulimalize deni mara moja, umechoka kupeleka makuta kila mwezi. Halafu unasema jirani amekuhakikishia kwamba ukilimaliza mwaka huu, kodi nayo itashuka. Hilo la jirani limenikosesha usingizi, maana nami niliamini hivyohivyo.

Miaka mitatu iliyopita nilidaiwa na benki euro 12,000 za friji na rafu za duka hili la Matonge. Biashara ilichangamka, makayabu na unga wa muhogo vilitoka kila siku. Nikalipa zote kwa mkupuo. Moyoni nilijua: euro 12,000 zimetoka, basi faida ya mwaka imeisha, serikali haina cha kukata. Mhasibu akanigeuzia kitabu, akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari mmoja, akaniambia hii si gharama. Siku ulipopewa pesa hii hukuiandika kuwa mapato wala hukuilipia kodi. Siku ya kuirudisha nayo haipunguzi faida. Kinachopunguza faida ni riba. Kitabu kilionyesha faida, sanduku lilikuwa tupu, na kodi ya 25% ilikuwa inangoja. Nilikopa tena ili niilipe, Yaya.

Simaanishi kwamba kulipa mapema ni kosa. Riba iliyokuwa imebaki ilikuwa kama euro 900. Sheria ya Ubelgiji ya Desemba 2013 inampa mfanyabiashara mdogo haki ya kurudisha mkopo kabla ya wakati, na fidia ambayo benki inaweza kudai haizidi riba ya miezi sita. Kwangu ilikuwa euro 300, nayo inahesabiwa kuwa gharama. Zikabaki 600. Lakini 600 hizo, kwa kuwa sikuzilipa tena kama riba, zimekuwa faida, na faida hukatwa kodi: 150. Nilichookoa kwa kweli ni euro 450. Si haba, ila nilikuwa nimeshazitumia 900 kichwani.

Pale kwetu hesabu yako inaweza kuwa nyingine kabisa. Sheria ya Congo ya Februari 2013 iliweka kwamba biashara yenye mauzo ya faranga milioni 10 hadi 80 kwa mwaka itozwe juu ya mauzo, si juu ya faida: 1% kwa anayeuza vitu, 2% kwa anayetoa huduma. Kuwasagia watu mahindi yao ni huduma. Kama utaratibu huo bado upo nawe uko kundi hilo, ulipe riba usilipe riba, kodi yako haisogei, na riba utakayoiokoa ni yako yote. Hapo wewe una sababu kubwa zaidi ya kulipa mapema kuliko niliyokuwa nayo mimi. Nenda DGI, ofisi ya kodi, uulize uko kundi gani sasa, maana ukihesabiwa kwa faida, kila risiti ya riba itakuwa pesa. Zile ulizotia kwenye kopo la maziwa usizitupe.

Kungekuwa ni deni la Bank Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, ningekuambia ulipe leo kabla jua halijazama. Lakini wako ni mkopo wa karatasi. Waulize waliokukopesha: ukimaliza leo, riba ya miezi iliyobaki wanaifuta, au walishaihesabu juu ya mkopo mzima tangu siku ya kwanza? Kama hawafuti, hutaokoa kitu, na afadhali dola hizo zikae nyumbani. Mkanda wa mashine ukikatika utanunua mwingine siku ileile.

Nipigie picha ile karatasi ya mkopo, upande wenye mistari ya riba. Jumamosi nikifunga duka nitaisoma, kisha nitakwenda kutuma dola hizo.