Ungo wa Shangazi huko Kondoa

Baada ya mavuno nilipata ruhusa ya siku 4, nikapanda basi Dodoma kwenda Kondoa kumtazama shangazi yangu. Njia yapita Chemba, nchi kavu ya mibuyu, mtama na alizeti.

Nilimkuta jikoni, ungo magotini, akichagua mahindi. Punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu alizitia katika kopo. Kopo likajaa.

Nikamwamkia, kisha nikasema, "Shangazi, mwaka huu chakula ni haba. Hayo nayo yasagwe, moto utayasafisha."

Akaweka ungo chini. "Mwanangu, jirani yangu alisema hivyohivyo mwaka ule."

Nikanyamaza, maana mwaka ule naukumbuka. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Sumu hiyo huharibu ini: mtu hutapika, macho huwa ya manjano, tumbo huvimba. Hutokana na kuvu waotao katika mahindi yasiyokauka vema, au yaliyoanikwa juu ya udongo. Kuvu hufa motoni, lakini sumu yao hubaki katika ugali hata uive namna gani, na katika pombe vilevile.

"Basi wape kuku," nikasema.

"Kuku wale sumu, nami niwale kuku?" Akachukua jembe, akalifukia kopo lote.

Niliporudi nyumbani, mimi na mama watoto tuliingia ghalani. Tulitoa ndoo nzima, na kuimwaga kuliniuma, sikufichi. Lakini unga ukishasagwa hauchaguliki tena.

Basi, akina mama na akina baba, tuanike mahindi juu ya turubai au mkeka, tuyaweke ghalani yakiwa makavu, juu ya chanja, mbali na unyevu. Karanga nazo tuzitendee hivyohivyo. Kabla ya kwenda mashineni, tuchague, kisha tukoboe. Si kila punje yenye sumu huonekana kwa macho, ila kuchagua na kukoboa hupunguza sumu sana. Heri nusu shari kuliko shari kamili: ndoo moja ya mahindi si kitu mbele ya mtoto mmoja.